Kukoroma, upasuaji na moyo: yale ambayo munganga anapaswa kujua mbele ya kukupasua

Familia nyingi zinaogopa chumba cha upasuaji kuliko kitu kingine chote cha hospitali. Mgonjwa akitoka humo akiwa mzima, watu wanashukuru Mungu, wanapiga simu nyumbani, na wale waliomsindikiza wanaanza kurudia kazi zao. Lakini mara nyingi hatari bado haijapita. Mwaka 2016, waganga wa nchi 25 za Afrika walifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247. Matokeo yalitolewa mwaka 2018. Wagonjwa 239 walikufa, na 225 kati yao hawakufa siku ya upasuaji. Walikufa siku zilizofuata, wakiwa kitandani.

Sababu ziko nyingi. Kidonda kuingiwa na vijidudu na kupoteza damu nyingi ndizo zinazojulikana zaidi. Makala hii inaeleza sababu moja ambayo haizungumzwi sana huku kwetu Masisi na Walikale: mtu anayesimama kupumua akiwa usingizini, bila yeye wala munganga wake kujua, na namna jambo hilo linaweza kuvuruga moyo baada ya upasuaji. Tunaandika kwanza kwa ajili ya yule anayelala karibu na mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe hawezi kujiona akilala. Mke, mume, mtoto mkubwa ao garde-malade ndiye anajua, na mara nyingi hakuna anayemuuliza.

Kusimama kupumua usiku ni nini?

Waganga wanaita ugonjwa huu apnea ya usingizi. Mtu akilala, nyama za koo na ulimi zinalegea. Kwa watu wengi njia ya hewa inabaki wazi. Kwa wengine inakuwa nyembamba, hewa inapita kwa nguvu, na ndipo tunasikia kukoroma. Kwa wengine tena njia inafungika kabisa. Kifua kinaendelea kujaribu kuvuta, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haiingii. Hiyo ikidumu sekunde 10 ao zaidi, inahesabiwa kama apnea moja.

Ubongo ukiona oksijeni inapungua unamwamsha mtu kidogo. Anashtuka, anahema kwa kelele kama mtu aliyetoka chini ya maji, anageuka, kisha anaendelea kulala. Asubuhi hakumbuki kitu. Waganga wanahesabu mara ngapi inatokea kwa saa moja. Kati ya mara 5 na 15 wanasema ni ugonjwa mdogo. Kati ya 15 na 30 ni wa katikati. Kupita mara 30 ni mkali. Mtu mwenye ugonjwa mkali anaweza kusimama kupumua zaidi ya mara 200 kwa usiku mmoja na asubuhi akasema amelala vizuri.

Si ugonjwa wa watu wachache. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilisema kwamba karibu watu milioni 936 wenye miaka 30 mpaka 69 ulimwenguni wanao, na wengi wao hawajapimwa hata siku moja. Huku kwetu kukoroma kunachekwa. Watu wanasema baba amechoka, ao amekula vizuri. Ni kweli kwamba si kila anayekoroma ni mgonjwa. Kinachotofautisha ni ule ukimya unaoingia katikati ya kukoroma, kisha kuhema kwa kushtuka.

Namna gani usingizi unafika kwenye moyo

Kila mara hewa inapokatika, mambo matatu yanagusa moyo. La kwanza, oksijeni inashuka katika damu, na moyo wenyewe unafanya kazi ukiwa na njaa ya oksijeni. La pili, mwili unatoa adrenalini, ile ile inayotoka tunaposikia risasi karibu na nyumba. Tansio inapanda ghafla, moyo unakimbia. La tatu, kifua kinachovuta kwa nguvu juu ya njia iliyofungwa kinavuta pia kuta za vyumba vya juu vya moyo na kuzipanua.

Hata mapigo yenyewe yanapanda na kushuka. Wakati hewa imekatika, moyo unaweza kwenda polepole. Mtu akishtuka, unaenda mbio. Hiyo ikirudi usiku baada ya usiku, miaka na miaka, vyumba vya juu vya moyo vinaharibika kidogo kidogo. Vinaweza kuacha kupiga kwa mpango na kuanza kutetemeka. Waganga wanaita hali hiyo fibrilasio. Huku kwetu wagonjwa wanasema tu: roho inaruka, roho inakimbia bila sababu.

Fibrilasio haiui kila anayeipata. Wengine moyo unarudia mpango wake wenyewe. Lakini ina hatari mbili. Moyo ukikimbia sana bila mpango, hausukumi damu ya kutosha, na mtu anaishiwa nguvu, anakosa pumzi, wengine wanaanguka. Tena damu inayosimama katika vyumba vinavyotetemeka inaweza kuganda. Bonge la damu likitoka humo na kupanda katika ubongo, upande mmoja wa mwili unalemaa.

Kwa nini upasuaji unazidisha shida

Mtu aliyeishi na apnea miaka 10 mwili wake umezoea kujiokoa: ubongo unamshtua, anahema, anaendelea. Upasuaji unagusa kinga hiyo hiyo. Dawa za usingizi zinalegeza koo. Dawa kali za maumivu kama morfini, petidini na tramadol zinapunguza ule mshtuko wa ubongo, na diazepam, ambayo wengi wanaita Valium, inafanya vile vile. Mgonjwa analazwa chali kwa sababu ya kidonda, na kulala chali ndiyo namna mbaya kuliko zote kwa mtu wa apnea, maana ulimi unarudi nyuma.

Ongeza mambo ya upasuaji wenyewe: maumivu, homa, damu iliyopotea, maji kupungua, chumvi za mwili kama potasiamu kushuka kwa sababu ya kutapika ao kuhara. Kila moja linaweza kuvuruga moyo hata kwa mtu asiye na apnea. Yakikutana na usiku wa kukosa hewa, moyo unapata mizigo miwili kwa wakati mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawategemei. Usiku wa kwanza mara nyingi mgonjwa analala vibaya, vipande vipande, na usingizi mzito hauji. Usiku wa pili na wa tatu mwili unarudisha deni lake na usingizi mzito unarudi. Watafiti waliopima wagonjwa usiku baada ya usiku waliona kwamba kusimama kupumua kunafika juu kabisa usiku wa tatu. Ndio wakati huo huo ambao huku kwetu garde-malade anasema sasa mgonjwa anaendelea vizuri, acha nirudi nyumbani kuangalia watoto.

Utafiti ulionyesha nini

Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 8 za nchi 5. Waganga walichukua watu 1,218 waliokuwa wanangojea upasuaji mkubwa usiokuwa wa moyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuambiwa kwamba ana apnea. Walipopimwa usiku, watu 2 kati ya 3 walikuwa nayo, na karibu 11 kati ya 100 walikuwa na ile kali.

Kisha waliwafuatilia siku 30 baada ya upasuaji. Walihesabu mioyo iliyoumia, mioyo iliyoshindwa kazi, fibrilasio mpya, damu kuganda, ubongo kupoteza damu, na vifo vya moyo. Kwa wasiokuwa na apnea, shida hizo ziliwapata watu 14 kati ya 100. Kwa wenye apnea kali, ziliwapata 30 kati ya 100. Tena waliona kwamba wale waliopata shida walikaa muda mrefu zaidi na oksijeni chini ya 80 kwa 100 katika usiku tatu za kwanza: kwa wastani dakika 23, wakati wengine walikuwa dakika 10.

Tusome hesabu hizo vizuri. Hata kati ya wenye ugonjwa mkali, 70 kati ya 100 walipita bila shida hizo. Lakini hatari ilikuwa mara mbili hivi, na hakuna aliyeijua mbele ya kupimwa.

Hapa kwetu: usiangalie unene peke yake

Vitabu vingi vinasema apnea ni ugonjwa wa watu wanene. Ni kweli unene ni sababu kubwa, kwa maana mafuta ya shingo yanabana koo. Lakini katika Masisi na Walikale watu wengi ni wembamba, wanatembea na kubeba mizigo milimani, na munganga akiangalia unene tu ataacha wengine nyuma. Kuna mambo mengine ya kuangalia.

Goita. Ugonjwa wa shingo kuvimba umejulikana siku nyingi katika milima ya Kivu kwa sababu ya ukosefu wa iyodi. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu kilifanyiwa utafiti wa goita tangu miaka ya 1960. Goita kubwa inaweza kubana njia ya hewa mgonjwa akilala chali. Tena goita nyingine inatoa homoni nyingi kupita kiasi, na homoni hizo zenyewe zinaweza kuleta fibrilasio. Kwa hiyo mtu mwenye goita anayekoroma na kusikia roho inakimbia asiache kusema hayo, hata kama anakuja kupasuliwa erni ao mguu.

Watoto. Mtoto anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayetoka jasho na kugeuka ovyo, mara nyingi matezi yake ya koo ni makubwa. Huku kwetu wengine wanampeleka kwa mtu wa kukata kilimi, kile kinyama kinachoning'inia ndani ya koo. Kukata kilimi hakuondoi matezi. Kunaweza kuleta kutoka damu na pepopunda. Na mtoto kama huyo akipasuliwa, asipewe kodeini: mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Marekani walikataza kodeini kwa watoto baada ya kupasuliwa matezi, kwa sababu wengine walikufa kwa kusimama kupumua.

Pombe. Kasiksi na kanyanga zinalegeza koo sawa na dawa ya usingizi. Mwanaume anayekoroma kidogo siku ya kawaida anaweza kusimama kupumua siku aliyokunywa. Na mtu aliyezoea kunywa kila siku, akiacha ghafla kwa sababu amelazwa, moyo wake unaweza kukimbia na mikono kutetemeka siku ya pili ao ya tatu. Mwambieni munganga ukweli juu ya pombe, bila haya.

Milima. Hewa ya juu ina oksijeni kidogo kuliko ya chini. Mtu wa juu kwenye malisho ya Masisi anaanza usiku akiwa na akiba ndogo kuliko mtu wa msituni Walikale. Mwenye afya amezoea. Mwenye apnea anafika kwenye hatari haraka zaidi.

Maswali manane ya kujibu nyumbani

Kupima apnea kwa usahihi kunahitaji mashine inayoandika pumzi, oksijeni na moyo usiku kucha. Mtu wa Pinga ao Nyabiondo hawezi kungoja mashine hiyo ndipo apasuliwe. Lakini kuna njia isiyoomba umeme wala pesa. Mwaka 2008, profesa Frances Chung na wenzake wa Toronto, Kanada, walitoa maswali manane ambayo waganga wa anestezi wanayajua kwa jina STOP-Bang. Kila «ndiyo» ni pointi moja.

1. Unakoroma kwa sauti, kiasi cha kusikika nje ya mlango uliofungwa?
2. Mara nyingi unachoka ao unasinzia mchana: kanisani, kwenye mkutano, ao ukiwa unaongea na watu?
3. Kuna mtu aliyekuona unasimama kupumua, unakabwa ao unahema kwa kushtuka usingizini?
4. Una tansio ya juu, ao unakunywa dawa ya tansio?
5. Uzito wako ni mkubwa sana? Kwa mtu wa metre 1.60, ni kupita kilo 90. Kwa mtu wa metre 1.70, ni kupita kilo 101.
6. Umepita miaka 50?
7. Shingo yako inapita sentimetre 40? Fundi cherehani anaweza kuipima kwa mita yake.
8. Wewe ni mwanaume?

Pointi 0 mpaka 2: hatari ni ndogo. 3 ao 4: hatari ya katikati. 5 mpaka 8: hatari kubwa. Tuchukue mfano. Baba wa miaka 56, mwembamba, anakoroma, anakunywa dawa ya tansio, na mke wake anasema pumzi inakatika usiku. Ana pointi 5 tayari: kukoroma, kuonekana, tansio, miaka, na mwanaume. Ukimwangalia kwa macho tu utasema ni mtu mzima kabisa.

Angalieni swali la tatu. Mgonjwa hawezi kulijibu peke yake. Ndiyo maana kwenye mashauriano ya mbele ya upasuaji ni vizuri aingie pamoja na mtu anayelala naye nyumba moja. Mama, kama munganga hajauliza, sema mwenyewe: «Docta, huyu usiku anakata pumzi.» Sentensi hiyo moja inatosha kubadilisha kazi yao.

Munganga akijua, anaweza kubadilisha nini?

Anaweza kuchagua sindano ya mgongoni, ile inayoitwa rachi, mahali pa kumlaza mgonjwa usingizi mzito, kama upasuaji unaruhusu. Anaweza kutuliza maumivu kwa parasetamoli, ibuprofeni na dawa ya ganzi kwenye kidonda, ili morfini iwe kidogo. Anaweza kuacha Valium. Anaweza kumlaza mgonjwa karibu na meza ya wauguzi na kuandika katika fishi kwamba apimwe mara nyingi usiku. Anaweza kutayarisha naloksoni, dawa inayoondoa nguvu ya morfini haraka.

Kidude kinachobanwa kwenye kidole, saturometre, kinaonyesha oksijeni na mapigo ya moyo. OMS ilikiweka katika orodha yake ya usalama wa upasuaji tangu 2008. Kwa kawaida namba inakuwa kati ya 95 na 100, na juu milimani inaweza kuwa chini kidogo. Chini ya 90 ni hatari popote. Jueni mambo mawili. Rangi ya kucha na vidole vya baridi vinadanganya kidude. Tena utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi kidude kinaweza kuonyesha oksijeni nzuri wakati damu yenyewe imepungukiwa, mara tatu hivi kuliko kwa wazungu. Kwa hiyo namba 92 kwa mgonjwa anayesinzia sana isiwafanye mtulie. Muangalie mtu, msiangalie namba peke yake.

Iko pia mashine inayosukuma hewa puani usiku ili koo lisifungike. Munganga Colin Sullivan wa Sydney, Australia, aliionyesha mwaka 1981, na mpaka leo ndiyo dawa kubwa ya apnea. Lakini inaomba umeme usiku kucha, na kwa mgonjwa wa kijijini mambo ya bure yanakuja kwanza: namna ya kulala, dawa zinazofaa, na mtu wa kuangalia.

Dharura haingoji maswali

Hapa tuseme wazi. Mama anayetoka damu na anayehitaji sezariene, mtu mwenye utumbo uliojifunga, mtu aliyepigwa risasi: hao wapasuliwe haraka. Kumkataza mtu kupasuliwa kwa sababu anakoroma ni kumuua. Mapigano ya mwaka 2025 yalifika mpaka Masisi-centre na Walikale-centre, na majeruhi wengi hawakuwa na wakati wa mashauriano. Hata hivyo sentensi moja inaweza kusemwa mlangoni, wakati machela inaingia: anakoroma na kukata pumzi, ana tansio, anakunywa dawa fulani.

Kwa upasuaji unaopangwa, kama erni, goita ao uvimbe wa tumbo la uzazi, wakati upo. Atakayeonekana kuwa na pointi 5 ao zaidi anaweza kuuliza kama inafaa apasuliwe kwenye hospitali yenye oksijeni na watu wa kuangalia usiku. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walianza kuisaidia mwaka 2007, ni mahali pa kuulizia. Kwa mambo ya moyo yanayoomba mashine zaidi, mara nyingi mgonjwa anatumwa Goma ao Bukavu. Tunajua barabara, tunajua kipoyi na moto. Ndiyo sababu ni vizuri kuuliza mapema, si usiku wa tatu.

Jambo lingine: usiache dawa za tansio ao za moyo kwa akili yako mwenyewe mbele ya upasuaji. Nyingine, kama propranolol na atenolol, ukiziacha ghafla moyo unaweza kuvurugika. Zipeleke hospitalini na paketi zake, muulize ipi unywe na ipi uache.

Kazi ya garde-malade kwa usiku tatu

Huku kwetu familia ndiyo inapika, inaosha na kulala karibu na mgonjwa. Hiyo ni nguvu ambayo hospitali nyingi kubwa za Ulaya hazina. Tuitumie hivi.

- Pangeni zamu ya usiku tatu, si usiku mmoja. Mtu wa zamu alale mchana.
- Mwinueni mgonjwa kichwa na kifua kwa mito ao nguo zilizokunjwa, ao alale kwa ubavu. Kwanza muulizeni muuguzi kama kidonda kinaruhusu.
- Sikilizeni pumzi. Kukoroma kukikatika, hesabuni polepole mpaka 10. Kama bado haijarudi, mwamsheni, mgeuzeni, na mkamuite muuguzi.
- Hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Mtu mkubwa anavuta mara 12 mpaka 20. Chini ya mara 10, ao mtu hashtuki hata mkimtikisa, ni dharura. Mwiteni muuguzi hapo hapo, hata kama ni saa nane ya usiku.
- Msimpe dawa yoyote kutoka nje. Tramadol ya barabarani ikiongezwa juu ya dawa ya hospitali inaweza kusimamisha pumzi. Pombe pia hapana, hata «kidogo ya kumtia nguvu».
- Msimwache na maumivu makali akinyamaza. Maumivu yanakimbiza moyo. Semeni, ili apewe dawa inayomfaa.

Kupima moyo kwa vidole

Weka vidole viwili, cha pili na cha kati, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, chini kidogo ya mkunjo unaotenganisha mkono na kiganja. Hesabu dakika nzima, usihesabu sekunde 15 na kuzidisha, kwa sababu unatafuta pia mpango wa mapigo. Moyo wa mtu mkubwa aliyetulia unapiga mara 60 mpaka 100, sawa na mguu wa mtu anayetembea barabara tambarare. Moyo wenye fibrilasio unapiga kama mvua inayoanza juu ya mabati: moja, mbili haraka, kimya, tatu haraka, bila mpango wowote.

Mwite muuguzi kama mapigo hayana mpango, kama yanapita 120, ao kama yako chini ya 50. Kama kuna pia maumivu ya kifua, kukosa pumzi, jasho la baridi, kuzimia, mdomo kupinda ao mkono kulemaa, usingojee asubuhi. Muuguzi atapima tansio, oksijeni na homa, ataangalia damu na maji ya mgonjwa. Mahali mashine ipo, wataandika moyo kwenye karatasi. Mara nyingi kuondoa sababu, yaani kurudisha oksijeni, maji, damu ao potasiamu, kunasaidia moyo kurudia mpango wake.

Mgonjwa akirudi nyumbani

Wengine wanatoka hospitalini siku ya tatu na kupanda moto wakati mwili bado unalipa deni la usingizi. Nyumbani aendelee kulala kichwa juu ao kwa ubavu, aache pombe, na apimwe mapigo asubuhi na jioni kwa wiki moja. Kama hospitali iliona fibrilasio, iandikwe kwenye karatasi yake, na karatasi hiyo asiipoteze: ataihitaji mara nyingine akipasuliwa, na waganga wataamua kama anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Waliopata pointi nyingi wajue kwamba ugonjwa ulikuwepo mbele ya upasuaji na bado upo. Kupunguza uzito kwa aliye mnene, kuacha pombe ya jioni, kutibu tansio na goita, na kulala kwa ubavu vinasaidia.

Mwisho, neno juu ya maneno ya mtaani. Mtu akifa usiku baada ya kupasuliwa vizuri, haraka wanaanza kusema sumu, wanasema uchawi, wanatafuta jirani wa kulaumu. Familia zimevunjika kwa maneno kama hayo. Moyo uliovurugika usiku hauachi alama ambayo jirani anaweza kuiona kwa macho. Mbele ya kumlaumu mtu, muulizeni munganga awaeleze pumzi na mapigo ya mgonjwa yalikuwaje usiku ule. Na kama katika nyumba yenu kuna mtu anayekoroma na kukata pumzi, msingojee apangiwe upasuaji. Mwambieni RECO wa kijiji chenu ao mkuu wa kituo cha afya, apimwe tansio wiki hii.